Neno "Ni Kweli" Mbele ya Hakimu

Kila siku ya kazi, katika mahakama zetu za wilaya na za mikoa, washitakiwa husimama kizimbani, husomewa mashitaka, na huulizwa kama mashitaka hayo ni ya kweli au si ya kweli. Wengi hukana, na kesi zao huendelea kwa mashahidi. Wengine hujibu kwa maneno mawili tu: "Ni kweli." Kwa maneno mawili hayo, kesi ambayo ingechukua miezi huweza kumalizika kabla ya adhuhuri, na mtu aliyefika mahakamani kwa miguu yake akaondoka ndani ya gari la magereza.

Leo twapenda kuyazungumza maneno mawili hayo, kwa kuwa imeenea miongoni mwa wananchi imani ya kwamba mtu akishakiri hana rufaa tena. Twaisikia imani hiyo vijiweni, twaisikia kwa ndugu wa wafungwa, na wapo hata wenye elimu wanaoisema kama kwamba ni amri isiyo na sharti. Imani hiyo ni nusu ya kweli. Na nusu ya kweli, katika mambo ya sheria, yaweza kumdhuru mtu kuliko uongo mtupu. Maana huwafanya watu wenye haki ya kusikilizwa wakae kimya hadi siku za kukata rufaa zikawapita.

Tuanze na sheria yenyewe. Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai, Sura ya 20, katika kifungu ambacho kwa miaka mingi kimejulikana kuwa ni cha 360, yasema kwamba mtu aliyekiri kosa mbele ya mahakama ya chini, na akatiwa hatiani kwa kukiri huko, hataruhusiwa kukata rufaa isipokuwa juu ya ukubwa wa adhabu au uhalali wake. Jirani zetu wa Kenya nao wana kifungu cha 348 katika sheria yao ya namna hiyo, na maneno yake ni karibu yale yale.

Hatusemi kwamba sheria hiyo ni mbaya. Ina sababu zake, nazo ni sababu za haki. Mtu aliyekiri kwa hiari na kwa akili timamu amewaondolea mashahidi safari, amemwondolea aliyedhulumiwa uchungu wa kuyasimulia tena yaliyomfika, na ameipunguzia mahakama kazi. Kama kila aliyekiri angeruhusiwa kuyageuza maneno yake baada ya kusikia adhabu, kesi zisingekwisha kamwe. Mashahidi wangekuwa wamekwisha kuhama au kufariki, na vielelezo vimekwisha kupotea. Adhabu ikiwa nzito, majuto huwa mengi; lakini majuto juu ya adhabu si ushahidi kwamba mtu hakutenda kosa. Hayo twayakubali.

Lakini na tuyatazame vizuri maneno ya sheria. Sheria haimfungii mlango kila mtu aliyefumbua kinywa kizimbani. Yamfungia mtu aliyekiri kosa. Basi swali la kwanza ambalo mahakama ya juu hujiuliza ni hili: Je, mtu huyu alikiri kweli? Kama hakukiri kwa namna inayotakiwa na sheria, basi hapakuwa na kukiri, na kifungu hicho hakina la kumzuia. Hapo ndipo penye haki ambayo wengi hawaijui.

Namna inayotakiwa na sheria si siri. Mwaka 1973, iliyokuwa Mahakama ya Rufani ya Afrika Mashariki, katika shauri lijulikanalo kwa jina la Adan dhidi ya Jamhuri, iliweka utaratibu ambao mpaka leo mahakama za Tanzania na za Kenya huufuata. Kwanza, mashitaka na kila sehemu inayolifanya tendo kuwa kosa vielezwe kwa mshitakiwa katika lugha yake, au katika lugha anayoifahamu. Pili, maneno yake mwenyewe yaandikwe. Na yakiwa ni ya kukubali kosa, hapo ndipo iandikwe kwamba amekiri. Tatu, mwendesha mashitaka aeleze jinsi kosa lilivyotendeka, na mshitakiwa apewe nafasi ya kuyapinga maelezo hayo, au kuyafafanua, au kuongeza lake. Nne, akiyakataa maelezo, au akizusha jambo linalotia shaka, jibu lake liandikwe, na jalada lioneshe kwamba sasa amekana. Tano, asipobadili neno lake, ndipo atiwe hatiani, na ndipo yaelezwe mambo ya kuangaliwa katika kutoa adhabu, pamoja na majibu yake.

Msomaji ataona kwamba kati ya "Ni kweli" na kutiwa hatiani sheria imeweka hatua kadhaa, na kila hatua ni ulinzi. Mwaka 2021 Mahakama ya Rufani ya Tanzania iliyaeleza tena masharti hayo kwa urefu, ikasisitiza kwamba hakimu lazima aridhike, bila shaka yoyote, kuwa mshitakiwa ameelewa barabara anachoshitakiwa, na kwamba maelezo yaliyotolewa yamegusa kila sehemu ya kosa. Mahakama zetu za juu zimekwisha kusema pia kwamba kosa likiwa zito, na adhabu yake ikiwa kubwa, uangalifu wa hakimu nao hauna budi kuwa mkubwa zaidi.

Kwa nini uangalifu wote huo? Kwa sababu mwananchi wa kawaida, akiulizwa kama jambo ni kweli, hulijibu lile analolielewa yeye, wala si lile lililoandikwa na mwanasheria. Tuchukue mfano wa mtu aliyeshitakiwa kwa wizi wa baiskeli. Aulizwa, naye ajibu: "Ni kweli niliichukua, lakini nilijua ni ya marehemu kaka yangu." Mtu huyo amekubali kuchukua. Hakukubali kuiba. Sheria ya Kanuni ya Adhabu yenyewe, katika kifungu cha 9, yamlinda mtu aliyeitwaa mali kwa kuamini kwa nia njema kwamba ana haki nayo. Hakimu akiyaandika maneno matatu ya mwanzo, kisha akaiacha ile "lakini" na yote yaliyoifuata, amemwandikia mtu huyo kukiri ambako hakukifanya.

Au tuchukue mtu aliyeshitakiwa kwa kujeruhi. Ajibu: "Ni kweli nilimpiga, maana alikuwa amenikamata koo." Hilo si kukiri, ni kujitetea, na kujitetea ni haki itambuliwayo na sheria. Au mtu aliyekutwa na mfuko wa majani makavu, akasema, "Ni kweli mfuko ni wangu." Kama majani hayo ni bangi au si bangi, hilo ni jambo la kuthibitishwa na mkemia, na kama maelezo yaliyosomwa hayakusema lolote juu ya uchunguzi, mtu ajiulize huyo mshitakiwa amekiri kitu gani hasa.

Jambo la lugha nalo lataka kutajwa. Kwa miaka mingi mshitakiwa alisema kwa Kiswahili na hakimu akaandika kwa Kiingereza. Maneno ya mkulima yalipita katika kalamu ya mtu mwingine kabla ya kuingia katika jalada, na mara nyingi yaliyofika katika jalada yalikuwa ni tafsiri fupi ya "Ni kweli" tu, bila kuonesha ni lipi hasa lililokuwa kweli. Majaji waliosoma majalada hayo katika rufaa walipata taabu ya kujua mtu huyo alikubali nini. Mwaka 2021 Bunge lilibadili sheria, Kiswahili kikawa ndiyo lugha ya mahakama, na Kiingereza kikabaki kutumika pale haki inapokihitaji. Hayo ni maendeleo makubwa, nasi twayapongeza. Lakini Kiswahili peke yake hakitoshi. Wapo wananchi wenzetu, hasa wazee na wafugaji wa mbali, ambao Kiswahili chao ni cha kuuza na kununua sokoni. Mtu wa namna hiyo akisomewa mashitaka yenye maneno ya kisheria, huitikia kwa heshima tu, kama aitikiavyo mgeni. Huyo hana budi kupewa mkalimani, na jina la mkalimani liandikwe katika jalada.

Sasa tuje kwenye rufaa. Mwaka 1983 Mahakama Kuu ya Tanzania, katika shauri la Mpinga dhidi ya Jamhuri, ilizitaja sababu nne ambazo kwa moja wapo mtu aliyetiwa hatiani kwa kukiri aweza kuipinga hatia yenyewe, mbali na adhabu. Sababu hizo zimerudiwa mara nyingi na Mahakama ya Rufani, na yafaa kila mwananchi azijue.

Ya kwanza ni kwamba, hata kwa kuyazingatia maelezo aliyoyakubali, kukiri kwake hakukuwa kamili, au kulikuwa na maana mbili, au hakukumalizika. Kwa hiyo mahakama ilikosea kukuhesabu kuwa ni kukiri. Hapa ndipo yanapoingia yale majibu yenye "lakini." Ya pili ni kwamba alikiri kwa kukosea au kwa kutoelewa jambo. Ya tatu ni kwamba shitaka alilosomewa halioneshi kosa lolote linalojulikana katika sheria. Maana mtu hawezi kufungwa kwa kulikubali jambo ambalo sheria haikulikataza. Ya nne ni kwamba, kwa maelezo yale yale aliyoyakubali, kisheria asingeweza kutiwa hatiani kwa kosa aliloshitakiwa.

Mawazo haya hayakuzuka ghafla. Huko Uingereza, ambako sehemu kubwa ya sheria yetu ya jinai ilitoka, mahakama ya rufaa ilisema tangu mwaka 1923, katika shauri la Forde, kwamba yaweza kumsikiliza mtu aliyekiri ikiwa hakuelewa shitaka au hakukusudia kukiri hatia, au ikiwa kwa mambo aliyoyakubali asingeweza kisheria kutiwa hatiani. Na huko huko Uingereza limetokea, katika miaka yetu hii, jambo ambalo lapaswa kumnyamazisha kila anayedai kwamba mtu asiye na kosa hawezi kukiri.

Shirika la posta la nchi hiyo lilianza mwaka 1999 kutumia mashine za hesabu ziitwazo Horizon katika ofisi zake ndogo. Mashine hizo zilikuwa na kasoro, zikaonesha upungufu wa fedha ambazo hazikupotea. Kati ya mwaka 1999 na 2015 shirika hilo liliwashitaki wasimamizi wa ofisi hizo zaidi ya 700. Miongoni mwao wengi walikiri. Hawakukiri kwa sababu waliiba. Walikiri kosa la kuandika hesabu za uongo kwa sababu waliambiwa shitaka la wizi litaondolewa, na kwa sababu kila mmoja aliaminishwa kwamba yuko peke yake na kwamba mashine haiwezi kukosea. Walikuwa ni watu wazima wanaojua kusoma na kuandika, katika nchi yenye mawakili tele. Mwezi Aprili mwaka 2021 mahakama ya rufaa mjini London ilifuta hatia za watu 39 kwa siku moja, na miongoni mwao wamo waliokuwa wamekiri. Mwaka 2024 Bunge la huko likapitisha sheria ya kuzifuta hatia za namna hiyo kwa jumla, maana ilionekana kwamba kuzingoja rufaa moja moja kungechukua miaka, na wengine walikwisha kufa wakiwa na jina la mwizi.

Kama msimamizi wa posta wa Uingereza aliweza kukiri jambo ambalo hakulitenda, itakuwaje kwa kijana wetu aliyekaa mahabusu miezi kadhaa kwa kukosa mdhamini? Aambiwa na wenzake wa mahabusu: "Kiri, utapigwa faini uende zako." Naye ana mama mgonjwa na shamba linaloota magugu. Kijana huyo haangalii kama ana kosa au hana. Aangalia ni njia ipi fupi ya kurudi nyumbani.

Na hapa kuna mtego mmoja ambao twataka kuutaja waziwazi. Ni kweli kwamba aliyekiri mapema hufikiriwa kwa huruma katika adhabu, na ni haki iwe hivyo. Lakini yapo makosa ambayo sheria imeyawekea kiwango cha chini kabisa cha adhabu, na hakimu hana uwezo wa kushuka chini ya hapo hata angependa. Unyang'anyi wa kutumia silaha ni kifungo kisichopungua miaka 30. Kubaka ni vivyo hivyo. Mtu anayekiri kosa la namna hiyo kwa kutumaini kupunguziwa, kisha akasomewa miaka 30, amedanganywa na aliyemshauri. Mshitakiwa ambaye hana wakili hawezi kuyajua hayo asipoambiwa. Na twaona kwamba wa kumwambia, kabla jibu lake halijaandikwa, ni mahakama yenyewe.

Tangu mwaka 2019 nchi yetu ina pia utaratibu wa makubaliano ya kukiri kosa kati ya mshitakiwa na Mkurugenzi wa Mashitaka. Makubaliano hayo huandikwa, na mahakama haina budi kumwuliza mshitakiwa kama ameyaingia kwa hiari yake na kama anaelewa kwamba kwa kuyakubali ameiacha haki ya kukata rufaa, isipokuwa juu ya adhabu. Hata hivyo sheria hiyo haikumwacha mikono mitupu. Yampa nafasi ya kurudi mbele ya mahakama ile ile iliyompa adhabu na kuomba hatia na adhabu vitenguliwe, ikiwa makubaliano yalipatikana bila hiari yake au kwa kudanganywa. Yafaa haki hiyo isomwe kwa sauti mahakamani siku ile ile, maana haki isiyojulikana haimfai mwenyewe.

Sasa tuseme kidogo juu ya njia yenyewe, kwa faida ya wale ambao ndugu zao wako gerezani. Anayetaka kukata rufaa kutoka mahakama ya wilaya au ya hakimu mkazi kwenda Mahakama Kuu atoe taarifa ya kusudio lake katika siku 10, na alete sababu zake za rufaa katika siku 45. Siku zilizotumika kungojea nakala ya mwenendo wa kesi na hukumu hazihesabiwi. Aliyechelewa kwa sababu ya maana aweza kuiomba Mahakama Kuu imwongezee muda. Aliye gerezani hana haja ya kutafuta nauli: humkabidhi Mkuu wa Gereza karatasi zake, naye ana wajibu wa kuzipeleka mbele. Mbali na rufaa, Mahakama Kuu ina uwezo wa kuliita jalada la mahakama ya chini na kulikagua yenyewe ili kuona kama haki ilitendeka. Tena Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017 imewatambua wasaidizi wa kisheria, ambao waweza kumwelekeza mtu asiye na uwezo wa kumlipa wakili.

Lakini hatutaki kumpa mtu tumaini la bure. Rufaa si dawa ya kila majuto. Aliyekiri kwa maneno yaliyo wazi, akasomewa maelezo kamili, akayakubali, kisha akaja kusema kwamba hakujua adhabu itakuwa kubwa kiasi hicho, huyo kwa kawaida atarudishwa mikono mitupu. Hata anayelalamikia adhabu tu ajue kwamba mahakama ya juu ina uwezo wa kuipunguza, na ina uwezo pia wa kuiongeza. Na anayeshinda rufaa ya kukiri si lazima aende nyumbani siku hiyo. Mara nyingi mahakama hufuta mwenendo wote, ikaamuru kesi ianze upya, na shitaka lisomwe tena. Ila hapo nako upo ulinzi: tangu mwaka 1966, katika shauri la Manji, Mahakama ya Rufani ya Afrika Mashariki ilikwisha kusema kwamba kesi isirudiwe ili kuwapa waendesha mashitaka nafasi ya kuziba mapengo ya ushahidi wao, bali irudiwe pale tu haki inapotaka hivyo. Na mtu aliyekwisha kutumikia sehemu kubwa ya kifungo chake huweza kuachiwa, maana kumrudisha kizimbani kungekuwa ni kumwadhibu mara mbili.

Basi maoni yetu ni haya.

Kwanza, twawaomba mahakimu wetu wasione haraka pale mshitakiwa anaposema "Ni kweli." Tunajua jinsi majalada yanavyorundikana mezani, na jinsi kesi iliyokwisha kwa kukiri inavyoleta nafuu. Lakini jibu fupi ndilo linalotaka maswali zaidi. Ni kweli nini? Ulichukua? Ulijua ni mali ya nani? Ulikusudia kufanya nini nayo? Sheria yenyewe yataka maneno ya mshitakiwa yaandikwe karibu iwezekanavyo na jinsi alivyoyasema. Dakika 10 zinazotumika kuuliza na kuandika zaweza kuokoa miaka 10 ya kifungo kisicho halali, na kuiokoa Mahakama Kuu na kazi ya kuifuta kesi iliyoharibika tangu siku ya kwanza. Wahenga walisema, usipoziba ufa utajenga ukuta.

Pili, twawakumbusha waendesha mashitaka kwamba kukiri hakuwaondolei kazi ya kuandaa maelezo kamili. Maelezo ya mistari mitatu yasiyotaja umri wa aliyetendewa pale umri unapohusika, au yasiyotaja mwenye mali, au yasiyotaja silaha, ni zawadi kwa mhalifu wa kweli. Tusisahau kwamba kila hatia inayofutwa kwa sababu ya uzembe huo ina mtu wa upande wa pili: mwenye nyumba aliyevunjiwa, mtoto aliyedhulumiwa, mjane aliyeibiwa. Hao nao huitwa tena mahakamani baada ya miaka, au huambiwa kwamba mtu wao ameachiwa. Kukiri kulikopokewa vibaya huwadhulumu pande zote mbili kwa pamoja.

Tatu, twalishauri Bunge letu liyatazame upya maneno ya kifungu hicho cha rufaa. Leo kifungu chasema ni adhabu tu iwezayo kukatiwa rufaa, na ni kwa hukumu za majaji ndipo ilipojulikana kwamba uhalali wa kukiri nao waweza kuhojiwa. Mwananchi anayeisoma sheria peke yake hawezi kuliona hilo. Jirani zetu wa Uganda wameliandika jambo hili ndani ya sheria yao ya mahakama za mahakimu: wametaja kwamba aliyekiri aweza kukata rufaa juu ya uhalali wa kukiri kwenyewe, pamoja na ukubwa wa adhabu au uhalali wake. Ni maneno machache, wala hayabomoi kitu. Yaliyokwisha kukubaliwa na majaji kwa zaidi ya miaka 40 hayana sababu ya kukosekana katika kitabu cha sheria.

Nne, tunasema na wananchi wenyewe. Ukisimama mbele ya hakimu, usione aibu kusema kwamba hukuelewa. Kuuliza si ujinga. Kama jambo ni kweli nusu, sema nusu ipi ni kweli na nusu ipi si kweli. Kama una "lakini," iseme yote mpaka mwisho, na uombe iandikwe. Usikubali kukiri kwa kushauriwa na mtu ambaye hatakwenda gerezani pamoja nawe. Na kama ulitenda kosa kweli, basi kukiri ni jambo la kiungwana, nalo laweza kukupunguzia adhabu pale sheria inaporuhusu. Lakini ukiri lile ulilolitenda, wala si lile uliloandikiwa. Na ikiwa ndugu yako amefungwa kwa kukiri, usimwambie kwamba mambo yamekwisha kabla ya kuomba nakala ya mwenendo wa kesi na kuisoma. Tazama aliulizwa nini. Tazama alijibu nini. Tazama kama alisomewa maelezo, na kama aliulizwa juu ya maelezo hayo. Majibu ya maswali hayo matatu ndiyo yatakayoonesha kama rufaa ipo au haipo.

Katiba yetu, katika ibara ya 13, yampa kila mtu haki ya kusikilizwa kikamilifu, na haki ya kukata rufaa au kupata nafuu nyingine ya kisheria dhidi ya maamuzi ya mahakama. Yasema pia kwamba mtu asitendewe kama mwenye kosa mpaka itakapothibitika kwamba anayo hatia. Kukiri ni njia moja ya kuthibitisha hatia, na ndiyo njia iliyo fupi kuliko zote. Kwa kuwa ni fupi, ndiyo inayotaka kulindwa zaidi. Mashahidi 10 waweza kuulizwa maswali na kukutwa na uongo. Lakini mtu aliyejishuhudia mwenyewe vibaya, kwa hofu au kwa kutoelewa, hana wa kumhoji isipokuwa hakimu aliye mbele yake.

Kwa hiyo twasema: hakimu na apokee neno la mshitakiwa kwa masikio mawili, aliandike kama lilivyosemwa, na alipime kwa sheria kabla ya kulifanya kuwa hatia. Pale ambapo hilo halikufanyika, mlango wa rufaa haukufungwa, na mfungwa aliye na sababu ya kuubisha asizuiwe na mtu yeyote kwa kuambiwa kwamba alikwisha sema "Ni kweli."